Daftari la Deni Limeenda Wapi?

Leo sina habari za lugha mpya ya programu wala za simu iliyotoka juzi. Nataka tuzungumze kuhusu deni, hili deni letu la kawaida la unga, karo na kodi ya nyumba, na jinsi vyombo vya kuliandika vilivyobadilika tangu kale hadi vikafika mikononi mwetu sisi watengenezaji wa programu. Ni hadithi ndefu kiasi, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, tena si kwa sifa. Chukua chai ukae.

Mama alikuwa na duka dogo karibu na kituo cha matatu. Chini ya meza kulikuwa na daftari la kurasa 96, lile la shule, na kila mteja wa kukopa alikuwa na ukurasa wake. Nilipokuwa darasa la tano mimi ndiye nilikuwa karani. Sukari nusu kilo, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa chupa moja. Mama alikuwa na sharti moja: usiandike deni la mtu kama mwenyewe hayupo mbele yako. Wapo wazee ambao hawakujua kusoma, lakini kabla ya kuondoka walikuwa wanasema, "Hebu nisomee, mwanangu." Nawasomea, wanatikisa kichwa, wanaenda zao. Mwisho wa mwezi ugomvi ulikuwa nadra sana.

Sharti la mama ni la zamani kuliko mama. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 katika Sura ya Baqara, inahusu jambo hilihili: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, liwe deni dogo au kubwa, na mwandishi awe mwadilifu. Kinachonivutia ni kwamba anayetamka maneno yaandikwe si anayedai bali anayedaiwa. Pwani yetu biashara iliendeshwa kwa misingi hiyo karne na karne, na lugha yenyewe inashuhudia. Deni, hesabu na daftari vyote vimetoka Uarabuni (daftari lenyewe Waarabu walilipata kwa njia ndefu kutoka neno la Kigiriki la ngozi), na hundi ikaja kutoka Bara Hindi. Karne ya 19 misafara ya kwenda bara kutafuta pembe ilitoka Zanzibar kwa bidhaa za mkopo. Tippu Tip mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alikuwa akikopeshwa na tajiri wa Kihindi, Taria Topan. Kila jora la kitambaa lililobebwa hadi Kongo lilikuwa limeandikwa katika kitabu cha mtu fulani kisiwani.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna fundi mmoja lazima nimtaje. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao. Hakuuvumbua mfumo huo. Daftari za serikali ya mji wa Genoa za mwaka 1340 tayari zinauonyesha. Yeye aliueleza tu na kuuchapa, na wengi wetu tunajua kwamba anayeandika maelezo ya matumizi ndiye hukumbukwa kuliko aliyeandika programu.

Mfumo wenyewe ni wa pande mbili. Kila shilingi inayoingia mahali imetoka mahali pengine, na sehemu zote mbili huandikwa. Ukijumlisha pande zote lazima upate sifuri, na usipopata sifuri kuna kosa. Kwa sisi wa programu hili ni jaribio linalojiendesha lenyewe tangu kabla ya umeme. Chukua mfano. Umekopa 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5. Mtu wa kawaida anaandika: nimepata 5,000. Mfanyabiashara wa Venice angeandika hivi:

Pochi: +5,000
Gharama ya mkopo: +375
Deni: -5,375

Jumla ni sifuri. Huwezi kuandika pochi imenona bila kuandika deni limenona zaidi. Pacioli alishauri hata matumizi ya nyumbani yawe na hesabu yake katika kitabu hicho. Shikilia mfano huo, tutaurudia.

Kwa karne nyingi mambo hayo yalibaki kwa matajiri. Nyumba za watu wa kawaida ziliandika kidogo au hazikuandika kabisa. Mwaka 1904 nchini Japani, mwanahabari mwanamke Hani Motoko alitoa kitabu cha hesabu za nyumbani kiitwacho kakeibo, na kikawapa akina mama wa nyumbani mahali pa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kakeibo bado zinauzwa mpaka leo. Nimemtaja kwa sababu ni mmoja wa wachache waliofikiria jikoni kabla ya kufikiria ofisini.

Tarakilishi ilipoingia ilianza ofisini. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akachoka kuona jinsi kosa la nambari moja kwenye jedwali la ubaoni linavyokulazimisha ufute na kupiga upya hesabu zote zilizoitegemea. Akawaza jedwali linalojipigia hesabu lenyewe. Rafiki yake Bob Frankston akaandika programu, wakaitoa mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II na kuiita VisiCalc. Hiyo ndiyo lahajedwali ya kwanza iliyouzwa kwa tarakilishi za mezani. Watu walinunua tarakilishi nzima ili tu wapate programu hiyo moja. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Lakini lahajedwali ni karatasi tupu. Haikuulizi deni liko wapi. Ukitaka kujidanganya inakusaidia kwa haraka na kwa rangi nzuri.

Aliyerudi nyumbani ni Scott Cook. Mke wake alikuwa analalamika kuhusu kazi ya kulipa bili za nyumba, naye Cook akaona hapo kuna programu. Mwaka 1983 akaanzisha Intuit pamoja na Tom Proulx, aliyekuwa mwanafunzi wa Stanford, wakatengeneza Quicken. Ujanja wao ulikuwa kuuficha uhasibu. Kwenye skrini uliona kitu kinachofanana na hundi na kitabu cha hundi, vitu ambavyo kila nyumba ya Marekani ilivijua. Ilifaulu kiasi kwamba Microsoft walishindwa kuing'oa kwa Microsoft Money yao ya mwaka 1991, na mwaka 1994 wakataka kuinunua Intuit yote kwa dola bilioni 1.5. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani mwaka 1995, na Microsoft wakaachana na mpango huo. Microsoft Money ilifungwa mwaka 2009. Kwa wasiopenda kulipia programu, GnuCash ilitoka mwaka 1998, ni huria, na inafuata pande mbili za Venice waziwazi. Wengi huikimbia siku ya kwanza. Mimi niliikimbia siku ya kwanza.

Huku kwetu hatukuwa na vitabu vya hundi jikoni. Tulikuwa na daftari la mama, chama, na Sacco kwa wenye mshahara. Kisha ikaja simu.

Wengi hudhani M-Pesa ilibuniwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. La. Ilibuniwa kwa ajili ya kulipa deni. Vodafone walipata fedha za serikali ya Uingereza, na mwaka 2005 jaribio likaanza, Thika ikiwa mojawapo ya sehemu zake, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Wazo lilikuwa kwamba mkopaji alipe awamu yake ya wiki kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo, wameandika wazi yaliyotokea. Watu waliitumia, lakini kwa mambo yao. Walitumiana pesa, walilipiana madeni, waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika. Upande wa Faulu, kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyao vya mikopo kulikuwa kazi ngumu. Basi Safaricom ilipoizindua M-Pesa rasmi Machi 2007, sehemu ya mikopo iliachwa na kutuma pesa ndiko kukawa bidhaa. Mimi kama mtu wa programu hiyo hadithi huwa inanichekesha: mtumiaji alikataa maelezo ya matumizi akaandika yake, na akawa sahihi.

Lakini angalia kilichobaki kwenye skrini. Kilibaki kitu kimoja: salio. Umepokea kiasi fulani, salio lako ni kiasi fulani. Ni upande mmoja tu. Mradi M-Pesa ilikuwa ya kutuma na kupokea, upande mmoja ulitosha.

Deni likarudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, Safaricom wakishirikiana na benki ya CBA. Ilipoanza, mkopo ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5 mara moja, na ukichelewa, siku nyingine 30 na asilimia 7.5 nyingine. Kwa mwaka hiyo ni asilimia 90, ila hakuna aliyeihesabu kwa mwaka. Hakuna fomu, hakuna mdhamini. Mwaka 2014 ikaja Mkopo Rahisi, ambayo baadaye iliitwa Tala, na mwaka 2015 Branch. Hizi zilikuwa programu za Android, na ili kujua kama wewe ni mlipaji zilisoma, kwa idhini yako uliyoibofya bila kuisoma, arafa za pesa zilizokuwa ndani ya simu yako. Januari 2019 ikaja Fuliza: pesa zikipungua wakati wa kulipa unajaziwa, na chochote kitakachoingia baadaye kinakatwa kwanza. Mwanzoni ada ilikuwa asilimia 1 pamoja na malipo ya kila siku yaliyofika hadi shilingi 30 kwa viwango vya juu. Piga hesabu ya 2,600 kwa siku 20: 26 jumlisha 600, yaani 626. Viwango vilipunguzwa mwaka 2022.

Nisieleweke vibaya, mikopo hiyo imeokoa watu usiku wa manane hospitalini, na mimi ni mmojawapo. Ninachosema ni kwamba mkopo ukiingia, ujumbe unafanana na ule wa mshahara. Umepokea. Salio limepanda. Deni linakaa katika menyu nyingine, na ukiwa na wakopeshaji saba linakaa katika menyu saba.

Nami nilikuwa nao saba.

Machi 2020 corona iliingia Kenya, na wateja wangu wawili wakubwa wakasimamisha kandarasi wiki moja. Nilikuwa na vibarua vya hapa na pale na sikutaka mtu nyumbani ajue. Nilikopa hapa nikalipa pale. Unapolipa, kiwango chako kinapandishwa, na nilikichukulia kile kiwango kama alama za mtihani. Wewe msomaji unayeandika programu utanielewa nikisema nilikuwa nimejiandikia mchakato mzuri sana: tarehe 5 nachukua hapa, tarehe 4 ya mwezi unaofuata nachukua kule nalipa hapa. Haukuwahi kuanguka. Nilijiona hodari.

Aprili 2021 mkopeshaji mmoja, simtaji, alimpigia shemeji yangu kumwambia mimi ni mdaiwa sugu. Walikuwa wamechukua nambari kutoka kwenye simu yangu. (Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimepiga marufuku tabia hiyo, na kabla ya sheria iliyoanza Desemba 2021 kampuni za aina hiyo hazikuwa hata na leseni ya kunyang'anywa.) Shemeji akampigia dada yake. Usiku ule mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba watoto, sisi tunadaiwa ngapi kwa jumla?"

Nikamwambia kama elfu arobaini hivi. Nilikuwa nakisia. Mtu aliyekuwa karani wa deni akiwa darasa la tano alikuwa hajui anadaiwa ngapi.

Nilichofanya ni kile ambacho wakopeshaji walishafanya kabla yangu. Nilitoa arafa zote za pesa kwenye simu, za miezi 14, nikaandika programu ndogo ya Python ya kuzisoma moja moja na kuchomoa kiasi, tarehe na upande wa pili. Wao walikuwa wamezisoma zile arafa wakatengeneza daftari langu. Mimi mwenye arafa sikuwahi. Toleo la kwanza lilikuwa upande mmoja, yaliyoingia na yaliyotoka, likanionyesha kwamba naingiza wastani wa 58,000 kwa mwezi. Nikafurahi kwa dakika kama kumi. Kisha nikamkumbuka mtawa wa Venice, nikarudi GnuCash niliyoikimbia, nikamwaga kila kitu humo kwa pande mbili.

Mikopo niliyopokea: 186,400. Ada na faini: 31,250. Niliyolipa: 120,200. Deni lililobaki: 97,450.

Na ile 58,000 ya kila mwezi, zaidi ya 13,000 ilikuwa mikopo. Nyumba yetu ilikuwa inaingiza kama 44,700 na inaishi kama nyumba ya 58,000. Ada peke yake zilikuwa zimezidi kodi ya miezi miwili. Haya yote yalikuwa ndani ya simu yangu siku zote, kila shilingi na saa yake, na hakuna skrini hata moja iliyowahi kuniambia.

Nilimwonyesha mke wangu. Yeye akaenda jikoni akaleta daftari. Alikuwa anaandika matumizi tangu tulipooana: unga, gesi, nauli za watoto. Mimi nilidhani ni orodha za sokoni. Tukaweka vitabu viwili pamoja mezani, chake cha pesa zinapokwenda na changu cha pesa zinapotoka, tukakesha.

Njia ya kutoka haikuwa ya ajabu. Tuliyapanga madeni kwa gharama ya kila moja kwa siku, makali juu. Wataalamu wengine hushauri uanze na deni dogo upate moyo, na kweli mawili ya mwanzo tuliyalipa kwa sababu hiyo, simu zipungue. Niliuza tarakilishi yangu ya pili kwa 22,000. Mke wangu alikuwa na akiba katika Sacco, na ilibidi atafute wadhamini wawili, maana yake ilibidi awaeleze wenzake kazini kwa nini anakopa. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko zote. Tulipewa 60,000 kwa miezi 18, asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalopungua. Riba yote ilifika 5,700. Kwa ile asilimia 7.5, pesa hizohizo zingekula 4,500 kila mwezi. Zilizobaki, 15,450, tulizilipa kutoka mfukoni kwa miezi mitatu ya sukuma wiki bila mzaha. Awamu ya mwisho ya Sacco ililipwa Novemba 2022, mwezi uleule serikali ilipozindua Hustler Fund kwa asilimia 8 kwa mwaka. Wenzangu waliniuliza kama nimejisajili.

Programu ile bado naitumia kila Jumapili jioni. Inavunjika maneno ya arafa yakibadilishwa kidogo, nami nairekebisha. Daftari la jikoni halijawahi kuvunjika. Jumapili iliyopita vitabu viwili vilitofautiana kwa shilingi 140, na nikatumia saa nzima nikitafuta kosa katika msimbo wangu. Mke wangu alifunua ukurasa mmoja tu. Ilikuwa pesa ya boda boda, ameilipa taslimu Jumatano mvua ilipomkuta sokoni.